Damu ya Yaya na Kuku wa Tonton Cirhuza

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika sasa hivi, matope ya mlimani yameshuka mpaka kwenye ngazi zetu, na mimi nimejifungia chumbani nikisingizia kichwa. Kichwa hakiumi hata kidogo. Ninachokikimbia kiko jikoni, kimefungwa kamba kwenye mguu wa meza.

Ni kuku.

Ameletwa leo mchana na Tonton Cirhuza, mdogo wake marehemu Papa, pamoja na kidumu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo kwetu haikosekani mtu anapokwenda kuomba msamaha. Alivaa koti lake la harusi. Mzee wa miaka sitini na kitu alipiga magoti sebuleni kwetu, mbele ya dada yangu, akaomba asamehewe kosa ambalo hakulifanya. Nilikuwa nimesimama pale pale, glasi mkononi, namiminia watu kasiksi.

Naandika hapa kwa sababu mdomo umegoma tangu Jumatano.

Yaya Nsimire ni dada yangu mkubwa. Ana kansa ya titi. Alipasuliwa, kisha akapewa chimio, zile dawa zinazoingizwa kwenye mshipa. Miezi minne. Nywele zilikwenda, kucha zikawa nyeusi, kila chakula kikawa na ladha ya msumari, na uvimbe uliorudi ubavuni ukaendelea kukua bila kujali. Daktari akasema ziko dawa nyingine tatu, ila hawezi kujua mapema ni ipi itamfaa yeye, na mwili wake hauna tena nguvu ya kuzijaribu zote.

Ndipo alipotuambia habari za kipimo. Alisema baadhi ya seli za uvimbe huchomoka na kutembea ndani ya damu. Kuna maabara huko Ulaya ambayo inaichuja damu mpaka inazipata, kisha inazimwagia dawa moja moja na kuangalia ipi inaziua na ipi haizifanyi kitu. Hakutuahidi miujiza. Alisema wazi kwamba madaktari wengine hawakiamini sana kipimo hicho, kwamba mwili wa mtu si kisahani cha kioo, lakini akiwa na karatasi ya majibu mkononi angalau hatachagua kwa kupapasa. Sharti lilikuwa moja tu, seli zifike zikiwa hai.

Basi tukafurahi, maana nyumbani yupo mtaalamu. Mtaalamu ni mimi.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka kumi na tisa natoa watu damu kwenye kituo cha afya. Kampeni ya chanjo ikifika, mimi ndiye ninayebeba glasiere, lile sanduku la baridi, mpaka vijiji vya juu ya Nyangezi, na pikipiki ikikwama naliweka kichwani. Hapa kwetu umeme unakuja unapopenda, kwa hiyo kazi yetu yote ni kupigana na joto. Chanjo ikipata joto ni ya kutupa. Damu ikipata joto ni ya kutupa. Nimefokewa kwa ajili ya baridi, nimesifiwa kwa ajili ya baridi, na pale ukutani kuna cheti chenye jina langu kwa ajili ya hiyo hiyo baridi.

Sanduku la vichupa lilipofika kutoka Ulaya, ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa.

Sikuisoma.

Ilikuwa ya Kiingereza, lakini hicho si kisingizio, maana ilikuwa na picha. Niliiacha kwa sababu ya kiburi. Nani atanifundisha mimi kusafirisha damu? Nilimtoa Yaya damu mwenyewe, mkono wa kulia, sindano moja, hakushtuka hata. Vichupa nikavipanga kwenye glasiere yangu ya kazini katikati ya vipande vinne vya barafu kutoka friji ya chanjo. Maman, mama yetu, alikuwa anatazama. Akasema Mungu alijua anachofanya aliponipa kazi ile, na mimi nikajisikia kweli kweli.

Uwanja wetu wa ndege wa Kavumu umefungwa siku hizi kwa sababu ya vita, kwa hiyo damu ilibidi ivuke mto Ruzizi pale mpakani, ipite Kamembe upande wa Rwanda, ifike Kigali ndipo ipande ndege. Tonton Cirhuza anaijua njia hiyo vizuri. Kila juma anakwenda kununua vipuri vya pikipiki. Nikamkabidhi glasiere, nikamtazama machoni, nikamwambia neno moja tu: Tonton, barafu isiyeyuke.

Alinitii. Mpakani walimkalisha masaa sita, na hakuliweka sanduku chini, alilipakata. Alipofika Kamembe aliona barafu inalainika, akaingia kwa kina mama wauza samaki akanunua nyingine, akaongeza. Hakula kitu siku ile mpaka alipoikabidhi damu kwa watu wa ndege. Kila alichofanya nilimwagiza mimi.

Jumanne majibu yakaja. Yalikuwa sentensi mbili. Seli zimefika zikiwa zimekufa, kipimo hakiwezi kufanyika.

Nyumba nzima ikamgeukia mtu mmoja. Masaa sita juani! Maman akasema hakukuwa na foleni yoyote, shemeji yake alikuwa anapiga soga na wachuuzi wenzake. Na Yaya, ambaye alikuwa amekaa majuma matatu bila dawa yoyote ili damu iwe safi kwa kipimo, Yaya ambaye kila usiku alikuwa anajishika ubavu kuangalia kama uvimbe umeongezeka, alisema jambo ambalo naliandika kama lilivyotoka:

“Nikikufa, ule muzee asikuye ku matanga yangu.”

Yaani mzee asikanyage msibani kwake. Siku ile nilikuwa naamini kama wao kwamba ni joto.

Jumatano nikachukua lile sanduku la Ulaya, lililobaki nyumbani na vichupa vya akiba, nilisafishe, karatasi ikadondoka. Nikaikunjua. Palikuwa na ile nyota ya theluji wanayoichora kwenye milango ya friji, imepigwa mstari mwekundu katikati. Chini yake kipimajoto, na namba. Walikuwa wanataka joto la chumba. Walikuwa wanataka hali ya hewa ya Bukavu yetu, hii tunayowasifia wageni. Vichupa vingekaa kwenye mfuko wa koti la Tonton, vingefika salama.

Barafu ndiyo iliyoua. Ya kwangu kwanza, kisha na ile ambayo Tonton, maskini ya Mungu, alikwenda kuiongeza kwa sababu nilimtisha.

Nimejaribu kuilaumu vita. Kavumu ingekuwa wazi, mpaka usingekuwa na foleni, mji wenye watu wengi hivi ungekuwa na maabara yake na tusingehangaika kuvusha damu ya mgonjwa kama magendo. Yote hayo ni kweli na yananikera mpaka meno. Lakini vita haikunizuia kusoma karatasi.

Niliikunja tena nikaitia kwenye mfuko wa blauzi yangu ya kazini, na siku nne sasa natembea nayo.

Kesho asubuhi Yaya anatolewa damu tena. Daktari amekubali mara moja tu: juma moja zaidi la kungoja, na ikishindikana atachagua dawa kwa kubahatisha na tutaanza. Familia imeketi, imeamua kwamba safari hii nibebe mwenyewe mpaka Kigali, na barafu iwe mara mbili. Maman ameshakwenda kuiomba kwa jirani anayeuza bia. Sufuria nzima ya barafu inatusubiri, kwa upendo wote.

Na sasa niandike ubaya wangu ulipo. Damu hii naweza kuiokoa bila kumwambia mtu. Nikishavuka mpaka namwaga barafu kwenye mtaro, vichupa navitia kwenye mkoba wangu, naendelea na safari. Seli zitafika hai, Yaya atachaguliwa dawa, na ukoo mzima utasema: mnaona, ikibebwa na mtu anayejua! Mpango huu niliumaliza Jumatano ile ile, mpaka mahali pa kumwagia barafu. Mgonjwa anapona, mimi nasifiwa. Atakayebaki na mzigo ni Tonton peke yake, na nilijiambia kwamba mzee akishakula na kunywa husahau.

Kisha leo akaja na koti lake la harusi.

“Mutoto yangu Nsimire, unipe pardon,” alisema, magoti sakafuni. “Barafu iliyeyuka mu mikono yangu. Niliongeza ingine kwa bamama ba samaki, lakini haikutosha. Ni mimi nilikuharibia damu.”

Yaya alitazama ukuta. Hakumpa mkono. Maman ndiye aliyejibu kwa ajili ya adabu, kwamba tumepokea. Nilidhani yameisha. Lakini mzee akanigeukia mimi, mtoto wa kaka yake, kwa ile sauti aliyokuwa akinibembelezea nilipokuwa mdogo, akiniita maman kama mabinti wanavyoitwa kwetu.

“Na wewe, maman, unipe pardon. Wewe ulinionyesha muzuri. Ni mimi sikuweza.”

Na mimi nikamwambia: “Haiko neno, Tonton.”

Nilimsamehe! Nimeketi hapa saa nzima najaribu kukumbuka kitu kichafu zaidi nilichowahi kufanya, na sijakipata. Hakugusa kasiksi yake. Alishuka ngazi kwenye mvua, taratibu, mkono ukutani, kurudi kwake Kadutu, na nadhani alikuwa anashukuru kwamba angalau mmoja wetu amekuwa mwema kwake.

Kwetu kuku wa msamaha akishaliwa, jambo limefungwa. Hakuna wa kulifungua tena, na anayelirudia ndiye anayeonekana mkorofi. Tonton atabaki mtu aliyeharibu damu ya Nsimire akasamehewa, hivyo hivyo mpaka wajukuu zake. Na Maman ameamua kuku achinjwe leo, Yaya apate mchuzi wa nguvu kabla ya sindano ya kesho.

Nasikia makaa yanapepewa. Nasikia Yaya akicheka kidogo, kitu ambacho hakijatokea tangu Jumanne, kwa sababu kuku amejaribu kukata kamba.

“Furaha! Kuya uchinje, maji inachemka!”

Ndiyo, wananiita mimi. Nyumbani humu anayechinja ni mimi, kwa sababu eti mikono yangu haitetemeki.

Nimeitoa karatasi mfukoni. Nitaiweka mezani mbele ya Yaya, picha ikiwa juu, na kabla hajauliza nitasema: Yaya, barafu niliiweka mimi, na mzee nilimwagiza mimi. Kesho damu itaondoka bila barafu, na mtu asiniamini kwa mdomo, aangalie mstari mwekundu. Sijui atanijibu nini. Labda yale maneno ya matanga yatahamia kwangu, na itakuwa haki yake, na mimi ndiye nitakayekaa nje ya ua huku Tonton akiwa ndani na ndugu. Naogopa hilo kuliko nilivyowahi kuogopa chochote. Naliogopa, na bado sitaki mchuzi huu.

Kisha nitaifungua kamba, nimpakate kuku, niende mpaka kwa Tonton Kadutu kabla giza halijaingia. Magoti ninayo na mimi.

Maman ameita mara ya tatu. Kuku bado yuko hai. Naenda.