Tata, Vitabu Hivi Nilivichagua Mwenyewe

Mpendwa Tata, baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia saa nane mchana kutoka nyumba ya mchungaji, hapa karibu na Rubwera. Sebuleni wameketi wazee watatu wa kanisa, na wote wamekataa chai. Unawajua watu wetu, mzee akikataa chai ya mchungaji kuna jambo. Wanasubiri jibu langu. Nimewaambia naingia chumbani kusali kidogo, lakini sisali, nakuandikia wewe.

Dada yako amefariki leo asubuhi. Kule nyumbani Kamuli wameshaanza kuchimba kaburi kibanjani, katikati ya migomba yetu, hatua chache kutoka lako.

Wewe ulikuwa mwinjilisti mwenye vitabu vitatu tu, Biblia, kitabu cha nyimbo na kile cha mafundisho kilichochanika jalada. Ulivisoma kwa sauti ukigeuza kahawa juani, na shangazi akimenya ndizi pembeni alikusahihisha kila uliporuka mstari, maana alivijua kwa moyo. Ulinuna, kisha ukacheka. Halafu ulifunga kitabu ukaniuliza, "Leo tumwone nani?" Tulikwenda kwa wagonjwa, kwa wajane, hata kwa yule mlevi wa Kibingo aliyetufukuza kila mara. Nilichoka kutembea, na niliapa kwamba nikiwa mchungaji nitakuwa mtu wa vitabu.

Nikawa kweli. Katika semina moja kule Bukoba muuzaji alipanga vitabu mafungu mawili. Fungu moja lilihusu kuwatunza wagonjwa na wazee, vitabu vyembamba vyenye vumbi. Jingine lilihusu ukuaji wa kanisa, majalada yanang'aa. Nikanunua vya ukuaji, na hakuna aliyenishika mkono, Tata. Nilikuwa na aibu. Vijana wetu walikuwa wakihamia makanisa mapya yenye vipaza sauti, mabenchi yangu yalibaki wazi, na kwenye vikao vya wachungaji nilikaa nyuma nisiulizwe idadi ya waumini.

Kitabu kimoja kilisema usharika ukate kisichozaa. Nikakipeleka madhabahuni kwa lugha ya hapa kwetu. Niliwauliza waumini, mgomba wenye mnyauko tunaufanyaje? Tunaung'oa, tunaufukia, usije ukaambukiza kibanja kizima. Wazee wakaitikia kwa vichwa, nami nikafurahi. Tukapitisha sheria kwamba asiyefika meza ya Bwana mwaka mzima afutwe kwenye daftari, na aliyefutwa kanisa lisimzike.

Nilidhani itawatisha vijana. Vijana hawafikirii kufa. Waliofutwa ni wale ambao magoti yao hayapandi tena kilima. Majina yaliletwa nikayasaini hapa mezani, bila kwenda kumwona hata mmoja.

Wa kwanza kufa alikuwa Mzee Rwegasira, rafiki yako uliyekuwa ukiimba naye. Siku hiyo nilipita na bodaboda nikielekea kikaoni. Niliona watu wachache wamesimama migombani kwake, hakuna kwaya, hakuna anayeomba. Nilimwambia dereva asipunguze mwendo.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Lilijaa, Tata, hadi wengine wakasimama nje. Nami nikaandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa wa kile kitabu kwamba njia hii inafaa.

Tangu hapo wazee hawanisubiri niwaambie la kufanya. Kurasa za kile kitabu nilizowatafsiria wanazitembeza ndani ya Biblia zao. Jumapili mmoja husimama mlangoni na daftari, akiandika nani kaja na nani hakuja. Watu wananiamkia haraka kisha wanaharakisha kupita. Mama mmoja alibebwa kwenye machela akiwa na homa kali ili tu aonekane, na hakuna aliyeona ajabu.

Wiki iliyopita jina la dada yako likawemo kwenye orodha ya waliofutwa. Nikaenda Kamuli siku hiyo hiyo. Nilimkuta kitandani, mwepesi kama mtoto, akanipokea vizuri kama siku zote. Nikamwambia asihofu, jina lake nitalirudisha mwenyewe. Akauliza ni nani wengine waliofutwa, nami nikamtajia.

"Mwanangu," akasema, "ukinirudisha mimi peke yangu, usije kwenye kaburi langu."

Nikamjibu nitaangalia. Naijua sana kauli hiyo, ndiyo ninayowapa watu ninaotaka waondoke. Hakuniuliza tena.

Na sasa hawa wazee wamekuja kwa upole. Wanasema kwa kuwa ni shangazi yangu, nimzike tu, wao hawatasema kitu, ila sheria ibaki. Naogopa, Tata. Nina watoto wanne ndani ya nyumba ambayo si yangu, ni ya kanisa.

Nimerudi kumalizia barua. Nimewaambia kesho nitamzika, na kwamba kaburini nitasoma majina yote yaliyofutwa, nikianza na la Rwegasira, kama washarika halali. Mwenyekiti wao hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Mchungaji, sheria hii umetuletea wewe," akasema. "Sisi tunaifuata tu."

Kisha akanyoosha mkono akaomba funguo za kanisa, zikae kwake hadi mkuu wa jimbo aamue. Nimempa. Mke wangu alikuwa mlangoni mwa jikoni. Sasa ameanza kuanua nguo za watoto zikiwa bado mbichi, anazikunja na kuziweka kwenye begi.

Kesho hakutakuwa na kengele wala kwaya. Ukisikia mtu anasoma majina hapo karibu yako, na sauti inamtetemeka, usidhani ni mgeni. Mpokee dada yako. Rwegasira mwombe radhi kwa niaba yangu, maana mimi nilimpita.

Mwanao uliyemfundisha kusoma