Taa Moja kwa Baisikeli Mbili

Kitendaguro, Bukoba
Septemba 11, 1955

Mpendwa Ma Alistidia,

Naomba unisaidie jambo dogo la taa ya baisikeli, ingawa nikiliita dogo kalamu yenyewe inasita. Nataka kumnunulia rafiki yangu taa ya kuendea gizani, iwe imara na isizidi uwezo wa karani wa ghala la kahawa kama mimi, na nimezunguka madukani mjini nikaona za dainamo, nikaona za betri, nikaona na zile za kabidi zinazotiwa jiwe na maji zikanuka nyumba nzima, na kila mwenye duka anaisifu ya kwake, nami nimeshindwa kuchagua, hasa kwa kuwa rafiki yangu huyo sasa anaendesha kwa mkono mmoja. Wa kulia haunyooki tena. Ningeweza kuishia hapa ukanijibu habari za taa, lakini nimeianza barua hii mara nne na mara zote nne nimeishia hapa, kwa hiyo leo nitaendelea.

Majina nitakayoandika si yetu ya kweli, maana gazeti lenu linasomwa mpaka Muleba. Mimi niite Datius, na yeye Ildefons.

Ildefons ni seremala, mzaliwa wa Muleba, alikuja Bukoba kutafuta kazi akapanga nyumba jirani na yangu, yeye na mkewe Joviana, na sisi wawili tukawa tunaimba kwaya moja kanisani mjini, Jumatano na Ijumaa, mazoezi yanakwisha saa moja giza linaingia, na kila mmoja ana baisikeli yake lakini hakuna mwenye taa. Askari walitukamata mara mbili tukatozwa faini. Basi tukachanga, nusu yangu na nusu yake, tukanunua taa moja ya dainamo, tukaifunga kwenye baisikeli yangu kwa sababu tairi zake zilikuwa zimelika na dainamo ilikuwa inateleza. Tulipatana kwamba mimi nitatangulia polepole, yeye atanifuata nyuma kwa karibu. Nikiona shimo napiga kelele, "Shimo!" naye anajibu, "Nimeliona!" hata kama hakuliona. Miaka miwili tulirudi nyumbani hivyo na hatukuanguka hata siku moja.

Ijumaa moja ya Kwaresima iliyopita, Mwalimu Rugaibula anayetufundisha nyimbo alisema mbele ya wote kwamba Pasaka hii mwanzishaji atakuwa Ildefons, na mimi niliyeanzisha miaka yote niitikie pamoja na wengine. Nikakunja karatasi zangu za nyimbo. Tukatoka, mvua ilikuwa imenyesha mchana na barabara inateleza, tukapanda baisikeli zetu, na tulipokwisha kuacha nyumba za mjini akaniambia kutoka nyuma, "Waitu, ndugu yangu Datius, usinune. Sauti yako ni nzuri sana kwa kuitikia."

"Nyamaza," nikamwambia.

"Nasema kweli! Mwalimu amechelewa tu kuona."

Akacheka. Ma, hakikuwa kicheko kibaya, ndivyo alivyokuwa akinitania siku zote nami namtania, lakini jioni ile kiliniingia kama mwiba, nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, na wewe labda hujui, dainamo kadiri unavyokimbia ndivyo inavyowaka, basi mbele yangu kukawa kweupe kama mchana nami nikazidi kukimbia. Nikamsikia. "Datius! Datius, ngoja, sioni!" Nilisikia kila neno, nikasema moyoni, aanzishe mwenyewe, si ndiye mwanzishaji? Akaniita tena, jina langu likakatika katikati, nikadhani amechoka kuita.

Nilipofika Joviana alikuwa mlangoni kwake. "Shemeji, mwenzako yuko wapi?"

"Anakuja nyuma," nikasema, nikaingia kwangu nikala.

Waliomwokota ni watu waliotoka mjini na kandili. Alikuwa chini ya daraja la magogo, kwenye mawe, baisikeli imemlalia, na kiwiko kimevunjika vibaya. Alilazwa miezi miwili, na alipotoka hakuweza tena kushika randa, akafunga kazi akarudi Muleba kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake. Watu waliponiuliza nilisema sikujua kwamba ameachwa. Na Pasaka, Ma, Mwalimu alinirudishia uanzishaji, na nikaimba. Watu wakasema sijawahi kuimba vizuri vile.

Mwezi wa saba nilipanda basi nikaenda kumtazama, nimechukua sukari na sabuni. Baba yake, Ta Rugemalira, alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumkumbuka mwanawe, akawaambia wageni kwamba marafiki kama mimi wamekwisha duniani. Ildefons naye akawaambia, "Kosa lilikuwa langu, nilipita ukingoni mno." Aliponisindikiza barabarani akasimama akaniuliza, "Datius, siku ile nilikuita. Ulinisikia?"

Nikasema, "Sikusikia."

Akageukia migomba, akasema, "Basi ulikuwa upepo. Upepo ulikuwa mwingi."

Ma Alistidia, jioni ile hakukuwa na upepo. Hata jani moja halikutikisika.

Sasa Joviana ameniandikia kwamba mumewe amepata kazi ya kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, amejifundisha kuendesha kwa mkono wa kushoto, na msimu huu wa mavuno anarudi giza limekwisha kuingia bila taa, na yeye Joviana hakai chini mpaka amsikie uani. Kwa hiyo nataka kumpelekea taa kwa posta. Nataka ile ambayo haitadai gharama nyingine baadaye, nikishaituma iwe imekwisha. Niambie ni ipi.

Wako katika majuto,
D.


MAJIBU YA MA ALISTIDIA

Datius, pole. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu baada yake sitakuwa mpole.

Nianze na taa, maana ndiyo uliyoiuliza, na mtu ambaye mkewe anamhangaikia kila jioni asingoje tumalize mambo yetu ya moyoni. Sijui taa, lakini namjua fundi Buberwa wa mtaa wetu wa Bakoba, ambaye ametengeneza baisikeli tangu kabla ya vita. Nilimwendea na barua yako, nikamsomea zile habari za taa tu.

"Mkono mmoja?" akauliza. "Basi kabidi aisahau. Utafungua maji kwa mkono upi, na kiberiti utakiwasha kwa upi?"

"Na dainamo?"

"Dainamo ni nzuri barabara ikiwa tambarare. Huko Muleba milima gani atapanda akiendesha? Atashuka asukume, na akisukuma polepole taa inazimika, abaki gizani pale pale penye mawe. Ampatie ya betri, yenye swichi ya kusogeza kwa kidole gumba, ifungwe upande wa kushoto wa usukani. Achague ile inayochomoka, ili akifika nyumbani aitumie kama tochi. Na nyuma amfungie kioo chekundu, hicho ni bei ya sabuni."

Nikamwambia kwamba mnunuzi hataki gharama ya baadaye. Akacheka. Akasema ya betri ndiyo rahisi kuliko zote dukani, lakini betri hufa. Azitoe mchana zikae pakavu, na glopu ya akiba asikose. Kwa hiyo jibu ni hilo: taa ya betri, kioo chekundu, glopu moja ya akiba. Kwa mshahara wa karani utaweza, ukiacha sigara kama unavuta.

Betri zitakwisha, Datius, na zikiisha utapeleka nyingine. Ulitaka ununue kitu ukitume kwa posta kiwe kimekwisha. Hakitakwisha hivyo, na ni afadhali.

Sasa tusemezane. Hukumsukuma mtu darajani. Barabara iliteleza, tairi zake zilikuwa kipara, na hasira ya kunyang'anywa wimbo kila mwanakwaya ameionja, hata mimi. Hukujua kitakachotokea. Hayo nakupa yote. Lakini taa iliyokuwa ikikumulikia jioni ile nusu yake ilikuwa ya Ildefons, nawe ulikimbia nayo ukimwacha mwenye nusu anapiga kelele kwamba haoni. Na mwezi wa saba, pale barabarani Muleba, hukuwa na hasira, wala hakuna aliyekutania. Ulikuwa umeuona mkono wake. Akakuuliza swali moja, ukamdanganya usoni. Hilo ndilo linalokunyima usingizi, na linastahili.

Unajua kwa nini alisema habari za upepo? Alikuwako jioni ile kama wewe, anajua kwamba haukuvuma. Mwanamume yule amelala miezi miwili akisikia sauti yake mwenyewe ikikuita, kisha amesimama mbele ya wageni akajitwika kosa, kisha amekutafutia na pa kujificha. Usidhani amekwisha kukusamehe. Amekuachia mlango wazi, na wewe unataka kupenyeza kifurushi cha posta.

Hutapeleka kwa posta. Jumamosi panda basi la asubuhi uende mwenyewe. Taa iache ndani ya mfuko. Usiitoe kwanza, maana ukitanguliza zawadi utakuwa umemziba mdomo, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumkasirikia aliyemletea zawadi mkononi. Mpe nafasi ya kukasirika. Muombe Joviana naye akae, kwa sababu yeye ulimwambia "anakuja nyuma" ukaenda kula, na saa ile angeweza kuchukua taa ya jirani akamfuata mumewe. Je, hilo uliwahi kuliwaza? Katika barua yako sikuliona.

Ukikaa, sema hivi: "Nilikusikia. Ulisema huoni, nami sikurudi. Kisha nilipokuja hapa nikakudanganya." Ishia hapo. Usiseme "nisamehe kama nilikukosea," hilo "kama" liache Bukoba. Usimtaje Mwalimu Rugaibula. Usilie ukamfanya yeye ndiye wa kukubembeleza. Habari za baba yake, ajue au asijue, mwachie Ildefons aamue. Usimvue mzee furaha yake kwa ajili ya kutua mzigo wako. Kisha nyamaza, na umsikilize hata akisema maneno mpaka jua lishuke.

Akikufukuza, ondoka kwa adabu, taa mwachie Joviana, nawe upange siku ya kurudi. Akikaa kimya, kaa naye. Akikusamehe upesi kuliko ulivyotarajia, usifurahi sana. Mkono wake bado haunyooki, na kwenye kibanja kuna kazi za mikono miwili ambazo wewe unaziweza.

Neno la mwisho. Ulibadili majina, lakini Ildefons anasoma, na akifika kwenye ile "Nimeliona!" atajua anayesemwa ni nani. Kwa hiyo majibu haya nimeyatia bahasha na kukutumia leo, wiki tatu kabla hayajachapwa. Gazeti linafika Muleba juma la kwanza la mwezi wa kumi, kwa basi lile lile la Jumamosi. Wewe uwe umetangulia.