Jani Kavu Kwenye Kioo cha Gari

Jumamosi. Mvua iliyotushika wiki nzima hapa Ikolo imeachia tangu asubuhi, na kila nyumba imetandaza kakao juani. Uwanja wetu unanuka kakao iliyochacha na oili ya gari. Nimekaa kwenye jiko la nje, mlango nimeurudisha, naandika kwenye simu huku maharage yakitokota.

Nimeanza na jua kwa sababu naogopa kuanza na jambo lenyewe. Lenyewe ni hili: nilimdanganya mume wangu, na uongo ule ukamwangukia baba yake.

Jina la baba mkwe sitaliandika. Si kwa ajili ya blogu, hata nyumbani silitaji. Mimi nimetokea Matema, kando ya ziwa, kwa wafinyanzi, na huku kwa Wanyakyusa nilikoolewa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi wengi wameacha. Wako wanaokaa na wakwe zao sebule moja wakiangalia mpira. Nyumba yetu bado. Akitaka kuingia uwanjani anakohoa akiwa kwenye migomba, nami naingia jikoni. Chakula anapelekewa na wifi yangu Tumpe. Akishakula anasema "Ndaga fijo" kwa sauti ya kunifikia, asante sana, na mimi nanyamaza. Tumeishi hivyo tangu niolewe na sijawahi kuona ni mateso.

Gari ni lake. Ni gari dogo, limetumika kwa watu wengine huko ng'ambo kabla ya kutufikia, na ameniachia mimi nilitumie. Ujanani aliendesha malori na kuyatengeneza mwenyewe yakiharibika njiani, kwa hiyo kila Jumamosi anafungua boneti, anachungulia oili na maji, anabonyeza matairi. Mimi niko jikoni. Sasa ataniambiaje alichokiona? Siku moja Tumpe hakuwepo, tairi lilikuwa limelegea, akachana jani kavu la mgomba akalifunga kwenye kioo cha pembeni. Nikaelewa. Tangu hapo ikawa lugha yetu. Jani bichi, gari lina afya, nenda. Jani kavu, usiliwashe.

Hakuna aliyetufundisha. Nilikuwa nalipenda jambo hilo, nawasimulia mpaka dada zangu ziwani.

Siku ya uongo ule kulikuwa na sendoff ya binamu yangu Matema. Nilikuwa nimeshasuka, nimepaka kucha rangi nyekundu, kitenge kipya kimenikaa. Nikatoka nje na funguo mkononi, nikakuta jani kavu kwenye kioo.

Nilijua maana yake. Nataka hilo lieleweke, maana kichwani nimelizungusha mara nyingi nikitafuta mlango wa kutokea. Asubuhi kadhaa kabla ya hapo, nikiwasha gari likiwa la baridi, injini ilikuwa inakwaruza kidogo kisha inatulia. Nilikuwa naongeza sauti ya kwaya kwenye redio. Yeye alisikia kutoka nyumbani kwake kule ng'ambo ya migomba, mimi niliyekaa juu ya injini nikajifanya sisikii.

Ningeweza kwenda na bodaboda. Nilitaka kufika kwa gari.

Nikalivuta lile jani. Sikulifungua, nililivuta tu likachomoka zima kutoka kwenye kioo pamoja na fundo lake, nikalitia kwenye mfuko wa mlango. Sikufika hata Ipinda. Taa ya injini iliwaka, gari likakosa nguvu, likagonga kwa ndani mara moja, likazima. Nikiliwasha linazunguka bure. Mwenye trekta mmoja aliyekuwa anarudi shambani ndiye aliyenivuta mpaka nyumbani, nami nimeshika usukani na kucha zangu nyekundu, watu wa barabarani wakinipa pole.

Mume wangu Lusajo anafanya kazi Mbeya, anakuja mwisho wa mwezi. Akapiga simu jioni ile. Hakuwa na hasira, aliuliza tu: "Kwani baba hakuweka jani?"

Nikasema, "Sikuona jani."

Maneno mawili tu. Nilidhani yataishia kwenye simu.

Lusajo akampigia baba yake. Mimi nilikuwa jikoni humu, nikamsikia mzee akijibu akiwa upande wa pili wa migomba. Mwanzo alisema aliweka. Kisha akasema, "Basi nitakuwa nimesahau." Na kwa sababu siku za karibuni alishawahi kumwita mwanangu kwa jina la mtoto mwingine, na mara moja alivaa shati ndani-nje kanisani, kila mtu akakubali kuwa amesahau. Lusajo akaanza kusema atakuja kumchukua akakae naye Mbeya, kwenye baridi, mbali na kakao yake, kwa sababu mzee asiyekumbuka hafai kuachwa peke yake na panga shambani.

Na yeye akakubali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu ambaye hajawahi kukubali kushindwa bao na jirani alikubali kuwa kichwa chake kimeanza kumtoka, kwa sababu mimi nilisema sikuona.

Mila ilinisaidia kujificha. Kama ningekuwa mkwe wa kukaa naye sebuleni, ningemwona uso, na nadhani uongo ungenishinda siku ileile. Lakini mimi namsikia kikohozi tu. Kila siku amekula chakula changu na kusema ndaga fijo, na mimi nimenyamaza, na kunyamaza kwangu kukaitwa heshima.

Alisema gari atalitengeneza mwenyewe hapahapa nyumbani, kwa kuwa kosa ni lake. Tumpe akawa mikono yake ya pili. Mimi nilifuata kazi yote kwenye ufa wa mlango. Walifungua kava ya mbele ya injini, wakakuta cheni ya taimingi imelegea kabisa, kile kidude kinachoikaza kimekwama ndani, na ile reli ya plastiki inayoiongoza imekatika vipande, vingine wakavikuta chini kwenye bakuli la oili. Oili yenyewe ilikuwa nyeusi. Nilimsikia akimweleza Tumpe kwamba cheni imeruka meno, na ikiruka meno, valvu na pistoni zinaweza kukutana mahali ambapo hazitakiwi kukutana. Zikishapinda valvu, hilo tena ni gari la kuweka kuku.

Walizungusha injini kwa mkono, na spana, polepole. Nilishika mlango. Haikugusa kitu, ikazunguka.

Nikamsikia akicheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikaona pengine Mungu ameamua kuniachia lipite.

Lusajo akatuma cheni mpya na vifaa vyake kwa basi, na leo mvua ilipokata wakaanza kufunga. Kwenye gia kuna vitone, na cheni ina pingili zenye rangi. Lazima pingili zikae juu ya vitone vyake kamili. Macho ya mzee hayavioni vizuri, kwa hiyo Tumpe akaja jikoni kuniomba ile rangi ya kucha avipake vionekane. Nikampa. Ni ileile niliyonunua kwa ajili ya sendoff. Nilirudi kukaa nikashindwa kuchambua mchele.

Akavalisha cheni. Akatazama. Akamuuliza Tumpe, "Iko sawa?" Tumpe akasema iko sawa. Akaivua, akaivalisha tena. "Hebu angalia wewe." Tumpe akasema, "Baba, iko sawa, si unaona nyekundu imekaa kwenye nyekundu?" Akaivua tena. Nilikuwa nasikia cheni ikigonga kwenye chuma, inatoka, inaingia. Mikono yake ilikuwa inajua kazi. Yeye ndiye aliyekuwa haiamini.

Mwishowe akaweka spana chini. "Tumpe, mwiteni fundi kutoka Mbugani aje amalizie. Mimi kichwa changu si cha kuaminiwa tena. Nitawaharibia injini."

Akaenda kwake kunywa chai, Tumpe akimfuata na kikombe.

Lile jani nilikuwa nalo humu jikoni. Nilikuwa nimelitoa garini kabla hawajaanza kazi, nikalichomeka juu ya dari penye kuni. Kila asubuhi nimewasha moto hapa na kila asubuhi ningeweza kuwashia lile jani. Sijui kwa nini sikuwashia. Nikisema dhamiri nitakuwa najipamba. Ukweli ni kwamba niliogopa kulichoma.

Nikalishusha. Limejikunja na lina moshi, lakini fundo lipo. Ni fundo lake la kufungia turubai la lori, ambalo hapa nyumbani hakuna mwingine anayeliweza, Lusajo mwenyewe amejaribu akashindwa. Nikatoka uwanjani mchana kweupe, nikalivisha kwenye kioo kama lilivyokuwa, nikarudi ndani.

Akakohoa kwenye migomba. Akaja.

Kwanza alikusanya spana zake, anazifuta moja moja na kuzitia kwenye mfuko. Kisha spana zikaacha kulia. Niliweka jicho kwenye ufa nikamwona mgongo tu. Alikuwa amelishika lile jani bila kulitoa, kidole gumba kikipapasa fundo.

Tumpe akauliza, "Vipi, baba?"

Akalitazama fundo upande wa nyuma. Ndipo akasema, "Fundo hili la nani?"

"Si ni lako hilo?"

"Basi nilifunga," akasema. Halafu akasema tena, taratibu zaidi, "Nilifunga."

Hakugeuka kutazama jikoni. Tumpe ndiye aliyegeuka. Aliutazama mlango huu kwa muda ambao sitausahau, na nadhani aliona jicho langu kwenye ufa.

Mzee akafungua mfuko wa spana. Akavalisha cheni mara moja, akaikaza, hakumuuliza mtu. Kava, gasketi, oili mpya. Jua lilipoanza kushuka upande wa milima wakaliwasha, na likaunguruma kwa upole ambao gari hili halijawahi kuwa nao tangu nilijue. Hakuna mkwaruzo. Nililia humu ndani, na sikulia kwa furaha.

Tumpe aliirudisha rangi ya kucha. Hakuingia. Aliiweka kwenye kizingiti akaondoka bila kuniita wifi. Tumpe, najua huwa unasoma blogu hii. Una haki.

Nimempigia Lusajo kabla ya kuandika haya. Nimemwambia jani lilikuwepo, kavu, nililiona na nikalitoa. Akaniambia kwamba baba yake alikuwa amempigia mapema. Nikauliza amesema nini. "Amesema amekumbuka kuwa alifunga. Basi, hakusema zaidi." Mzee alikuwa na nafasi ya kunitaja na hakunitaja. Sehemu yangu aliniachia niiseme mwenyewe.

Ya Mbeya yameisha, Lusajo amesema. Ya kwangu na yeye tutayazungumza akija.

Bado sijui kama nimeungama au nimejificha kwa namna nyingine. Kuvisha jani kwenye kioo na kukimbilia jikoni si sawa na kufungua mdomo. Lakini yeye mdomo wangu haujawahi kumfikia, hiyo ndiyo lugha pekee tuliyokuwa nayo, na mimi ndiye niliyeitumia kwa uongo.

Jioni hii Tumpe amempelekea chakula. Amekula. Amesema ndaga fijo kama siku zote, kwa sauti ileile, na nimeshindwa kujua nimepokea nini.

Nimetoka nje kuanua kakao. Gari limesimama limeoshwa, boneti imefungwa, funguo ziko mahali pake ukutani. Leo ni Jumamosi, siku yake ya kulikagua, na amelishika kutwa nzima kuliko Jumamosi yoyote. Nikazunguka upande wa dereva, kisha upande wa pili.

Vioo vyote viwili havina jani. Wala bichi, wala kavu.

Kesho nitakwenda kanisani kwa miguu.