Mwacheni Miwani Kwenye Namba Moja

Chumba cha nyuma, nyumbani,
Jumapili alasiri, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile bega lililokuwa likikusumbua limetulia. Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo? Mwambie yule mdogo shangazi yake amefurahi sana kwa picha ya ng'ombe aliyoichora, ingawa Baba anashikilia kuwa ni meza.

Sisi huku hatujambo, shida yetu ni usingizi tu. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, kama unavyomjua. Mpwa wako ameota meno mawili na ana mapafu ya tarumbeta. Ninaandika huku nikimbembeleza kwa mguu, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usinicheke.

Sasa tuje kwenye barua yako ya mwisho. Uliniandikia kwamba mpiga gitaa hodari hupimwa kwa wepesi wa vidole, kwamba orodha ya redio ni ya haki, na kwamba Baba, pamoja na mapenzi yote tuliyonayo kwake, hata kumi bora haingii. Niliisoma sentensi hiyo mtoto akiwa begani. Nikairudia. Kisha nikaiweka barua chini ya godoro ili niilalie. Kaka, nakupenda, lakini hilo nililiweka akiba.

Wewe orodha umeisikia kwa kusimuliwa. Mimi niliisikia kazini. Unajua pale kwa dobi redio haizimwi, tunapiga pasi nayo kutwa nzima. Mtangazaji alikuwa akihesabu kutoka kumi kushuka, na sisi tunabishana kila jina likitajwa. Alipofika kwenye namba moja akamtaja Miwani. Ndiyo, Miwani yule yule, aliyekuwa akija kula kwetu na kusahau kuondoka. Wakamwita kwenye kipaza sauti, wakamsifu mpaka nikadhani wanamzika.

Kisha mtangazaji akamuuliza, na yule mwenzako wa zamani mliyeanza naye bendi? Miwani akacheka. Akasema, "Yule? Mtu mwema sana. Alikuwa wa kujaza nafasi. Gitaa lenyewe alikuwa analishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani."

Niliisahau pasi juu ya kola ya mteja. Mpaka leo nakatwa kwa ajili ya kola hiyo.

Baba naye alikuwa akisikiliza nyumbani, mpwa wako mapajani. Niliporudi nilimkuta ametundika gitaa nyuma ya mlango. Akasema tu, "Mama, nimechoka na kelele," akaenda kujilaza. Kaka, huyu mtoto hajawahi kulala bila gitaa la babu yake tangu atoke hospitali. Nimejaribu kuimba, analia. Nimejaribu redio, analia zaidi, na hapo namwelewa. Ikawa gitaa linaning'inia nyuma ya mlango, mimi natundikia taulo, na macho yangu yamevimba kama ya mtu aliyepigwa. Mtu asichezee usingizi wa mama anayenyonyesha. Kuanzia hapo ugomvi haukuwa wa Baba tena, ulikuwa wangu.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe siku zote umelichukulia kuwa utani wa Baba, kwa sababu wakati huo ulikuwa umepelekwa kwa Bibi. Ule wimbo wao mkubwa unaujua. Unaijua na ile sehemu ambapo gitaa linapatwa na kwikwi, linakabwa kidogo, halafu linaachiwa na kumwagika. Ukumbini watu wote wananyanyua mguu na kusubiri. Kwenye orodha walisema kwikwi hiyo ndiyo iliyompa Miwani namba moja. Mwenyewe akasema ni pumzi ya nafsi yake.

Pumzi ya nafsi! Ilikuwa ni mkono wangu.

Waliurekodi kwenye chumba cha nyuma ya duka la viatu, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia sauti za barabarani. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa zamu kule wodini akifanya usafi, na Baba hakuwa na wa kumwachia mtoto. Akanipakata pajani, katikati ya tumbo lake na gitaa. Tepu iliyobaki ilikuwa ya kutosha mara moja tu. Wakaanza, wimbo ukaenda vizuri, halafu mimi nikanyoosha mkono nikaukamata uzi mwembamba nikaung'ang'ania. Baba hakuuvuta mkono wangu. Alisubiri. Akaninong'oneza, "Mama, achia." Nikaachia, akaendelea kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Miwani, aliyekuwa akipiga gitaa la pili pembeni, alinuna. Alisema mtoto ameharibu wimbo, akataka urudiwe, na tepu hakuna. Mama alikuwa akitusimulia jinsi alivyokaa wiki nzima hasalimii watu. Kisha wimbo ukapendwa. Kwanza mtoto akatoweka kwenye hadithi, halafu Baba naye akatoweka, mwisho Miwani akabaki peke yake chumbani na magodoro.

Hapa ndipo ninapokujibu hoja yako, Kaka. Vidole vyepesi hata mwizi wa mifukoni anavyo. Angeuvuta mkono wangu ningelia, na tepu ingekwisha kwa kilio. Angesimamisha wimbo, tusingekuwa na wimbo. Alijua asubiri kiasi gani, mtoto akiwa ameshika uzi na wenzake wakimtolea macho. Niambie ni wapi kwenye orodha yako wanapima hilo.

Basi wakatangaza kwamba Miwani atavishwa taji ukumbini, moja kwa moja hewani, na wasikilizaji wote wanakaribishwa. Na suti yake nyeupe ililetwa wapi kufuliwa? Kwetu. Ikafika mezani kwangu. Mwenzangu akaniangalia, akaniangalia tena, akaninong'oneza, "Dada, pasi ikitulia hapo kwenye makalio kidogo tu, nani atajua?" Nikamwambia hapana. Nikatandika kitambaa chenye unyevu, nikainyoosha suti ile kama ya bwana harusi wangu mwenyewe. Nilitaka siku hiyo watu wamwone vizuri.

Nikaenda na mtoto mgongoni. Ulipofika wakati wa maswali nikanyoosha mkono, nikaletewa kipaza sauti. Nilianza kwa adabu, maana tumelelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Mimi naipenda ile kwikwi. Siku ile lile gitaa ulilipiga peke yako?"

"Peke yangu, binti. Mimi na Mungu wangu."

"Na ile sauti ndogo inayosikika pale kwa mbali?"

Kwenye redio ndogo, Kaka, ni kama mkwaruzo tu. Sidhani kama aliwahi kuisikiliza vizuri. Akajipigapiga kifuani. "Ni mimi. Nilikuwa nalisemesha gitaa langu."

Nikamshukuru. Nikamgeukia mtangazaji, nikamwomba kwa unyenyekevu atupigie sehemu hiyo tu, kwa spika zile kubwa, na aongeze sauti. Akaona ni wazo zuri. Miwani naye akatikisa kichwa kukubali, miguu ameikunja ndani ya suti yangu.

Kwikwi ikaja, kubwa kama nyumba. Na ndani yake, sauti ya Baba, ile yenye mikwaruzo, ambayo watu wazima wote mle ukumbini wanaijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akiitikia nyimbo: "Mama, achia. Achia, mama." Kisha kicheko cha mtoto mchanga.

Halafu mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Miwani! Kumbe ulikuwa unalinyonyesha!"

Kaka, watu walianguka kwenye viti. Waliposhusha pumzi nikasema, bila kupandisha sauti, "Huyo mtoto ni mimi. Aliyeniambia niachie ni baba yangu. Wewe mzee ulikuwa pembeni umenuna." Miwani alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema ni mambo ya zamani, mtu husahau. Mpwa wako akachagua wakati huo huo kupiga yowe, na ukumbi mzima ukamshangilia.

Utaniuliza kama nilimwonea huruma, mzee wa watu. Nimejitafuta huruma kila mfuko, sijaipata.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa kizani, anajifanya amelala. Jirani alikuwa amefungulia redio kwa nguvu, najua Baba alisikia yote. Aliniuliza swali moja tu.

"Suti ilinyooka?"

"Ilinyooka, Baba."

"Vizuri."

Baada ya siku chache mtangazaji alinifuata kwa dobi. Akasema wameona aibu, wanataka kuirekebisha orodha: Miwani atolewe kabisa, Baba apandishwe namba moja. Nikamwambia nitampa jibu. Baba alipoambiwa alikuna kidevu, akasema yeye hajaomba kupangwa foleni na mtu, na namba ni za mabasi. Akanyanyuka, akaliondoa taulo langu, akalishusha gitaa. Alilisikiliza uzi mmoja mmoja kwa muda mrefu. Mpwa wako alinyoosha mkono akaukamata ule mwembamba. Baba akasubiri.

Hilo ndilo jibu la Baba. Langu nililipeleka mwenyewe. Nilimwambia mtangazaji: mwacheni Miwani kwenye namba moja. Msimshushe hata ngazi moja. Ila kila mnapomtaja, kila wiki, kabla ya jina lake mpige ile sehemu, kwa sauti kubwa, pamoja na kicheko changu.

Mtangazaji akanitazama. "Dada, wewe ni mbaya."

"Mimi nina mtoto ambaye alikuwa hapati usingizi," nikamjibu, nikarudi kwenye pasi yangu.

Ndivyo wanavyofanya sasa. Nasikia Miwani amewaomba wamtoe kwenye orodha, wamekataa, wasikilizaji wanaipenda mno ile kwikwi. Utaniuliza pia kama orodha zina maana. Kwetu hazina, ndiyo maana tumemwachia yeye zote. Kwake zina maana, na azifaidi.

Na wewe sijakusahau. Ukija likizo, kitanda chako nimekiweka chumba kimoja na mpwa wako. Baba ameahidi kwamba usiku huo vidole vyake vitakuwa vizito sana, hatagusa gitaa. Tutaona wepesi wako utakusaidia nini.

Msalimie sana Wifi, mwambie vitenge vilifika na nimeshavishona. Wabusu watoto, na mwambie mchoraji wa ng'ombe kwamba Babu anamwomba amchoree gitaa, atajitahidi kulitambua. Shemeji yako na mwenzangu wa kwa dobi wanakusalimu. Baba anasema hakusalimu, lakini ameuliza mara kadhaa kama bahasha nimeibandika vizuri.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe riziki ya halali, na akulete nyumbani salama, tena karibuni, maana kitanda kinakungoja.

Wako, mdogo wako akupendaye hata unapokosea,

Mama wa Tarumbeta.