Etiketi za Barua za Ng'ambo ya Ziwa

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo asubuhi, hapa nyumbani mjini Baraka, mdogo wako mwenye upara amechapa etiketi ishirini na nne za kubandika kwenye bahasha, na kila jina limekaa ndani ya kisanduku chake. Ngoma hazikupigwa. Mke wangu alisema "Eeh," na kwake hiyo ni hotuba.

Tangu tukuzike sijapata mtu wa kunicheka vizuri.

Unakumbuka miaka ile ya vita, kompyuta ya parokia na mashine yake ya kuchapa vilipofichwa sebuleni kwako, chini ya vitenge? Nusu ya majirani walikuwa wamevuka ziwa, wako kambini Tanzania. Bamama waliobaki walikuletea barua za kuwapelekea watoto wao kambini, nawe ukazituma kila boti ilipopatikana. Barua ikimfikia asiye mwenyewe, mama alikaa miezi bila kujua kama mwanawe yu hai. Na kambini akina Asende walikuwa wengi! Ndipo ukaongeza kwenye orodha safu ya kijiji ambacho mtu alikikimbia: Asende wa Lweba, Asende wa Mboko. Kijiji kilichobaki kitupu kikawa anwani. Mpaka leo nakuvulia kofia.

Kompyuta iliyachukua majina kwenye orodha na kuyapanga yenyewe. Lakini wewe ulichapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, ukaishikiza juu ya ile ya etiketi, ukaziinua zote mbili dirishani uone kama majina yameangukia visandukuni.

"Polepole, mudogo wangu. Etiketi si majani ya muhogo, hazioti shambani."

Sasa niseme ukweli kuhusu karatasi ya mwisho ya etiketi. Miaka yote nimewaambia watu kwamba mashine iliharibika. Mashine ilikuwa nzima. Ulikwenda kuchota maji, nami nikataka urudi ukute kazi imekwisha, unisifu. Nikapanga majina kwa alfabeti, safu ya majina peke yake. Vijiji vikabaki palepale. Nikachapa bila hata kulitazama dirisha.

Ulirudi, ukasoma etiketi ya kwanza.

"Asende wa Lulimba? Huyu alifika Lulimba siku gani? We umehamisha batu kupita hata vita!"

Bamama walikuwa tayari mlangoni na boti ilikuwa inapakia. Ukawatokea umetulia kabisa. "Mashine imekasirika leo, bamama. Mungoje kidogo." Ukaipanga orodha upya, ukachapa kwenye karatasi za kawaida, ukazikata kwa mkasi wa kushonea, ukazibandika kwa bugali wa muhogo uliolainishwa kwa maji moto. Barua zote ziliondoka. Baadaye Mama Nyota, mmoja wa bamama wale, alipata jibu la mwanawe, akalisoma barabarani kwa sauti, akicheza.

Hukunitaja kwa mtu yeyote. Nami, wakati unabandika, sikukusaidia hata barua moja. Nilikuwa nimejificha jikoni, nakula gundi iliyobaki, kwa sombe, yale yale majani ya muhogo.

Nakuaga kwa aibu na upendo,

Mdogo wako