Sita Kati ya Thelathini

Alhamisi jioni

Bado najicheka. Mkuu wa shule alikuja darasani akitaka wote wanaokuja kwa miguu wafyeke nyasi Jumamosi, kwa sababu katika hojaji ya darasa letu kuhusu kuchelewa, wachelewaji wa miguu ni sita na wa bodaboda watano. Na mimi, mwalimu wa hisabati, nikaafiki! Kila idadi nikaigawanya kwa darasa zima, wanafunzi arobaini.

Zawadi, anayetembea kutoka Bombambili, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, sisi wa miguu tuko thelathini, wa bodaboda kumi tu. Si kila kundi ligawanywe kwa watu wake?"

Nikafuta ubao. Uwezekano wa mtembea kwa miguu kuchelewa ni moja ya tano. Wa bodaboda, nusu! Ndiyo hiyo mishikaki: dereva haondoki mpaka apakie abiria watatu kwenye pikipiki moja.

Mkuu akacheka, nyasi zikasamehewa. Nilifurahi hadi aibu ikapungua.

Kisha Zawadi, ambaye asubuhi aliniona getini nikishuka kwenye pikipiki, abiria wa tatu, kengele imeshalia, akauliza kwa heshima zote, "Na wewe mwalimu, tukuweke kundi lipi?"

Kesho natembea.