Pweza Aliyesifiwa

Jumatano, baada ya Isha

Simwamini tena yule mzungu wa pikipiki. Kila Ijumaa mimi na mume wangu Hamadi humtazama kwenye televisheni akizunguka nchi za watu na kuonja vyakula vyao, nasi tukimsadiki.

Leo amekuja mwenyewe hapa Kengeja na wapiga picha wake, nikampikia pweza wa nazi. Alionja, akafumba macho. Mkalimani wao wa Unguja akasema, "Bi Salme, anasema hajapata kula kitu kitamu kama hiki."

Nilifurahi mno. Walipoondoka nikaonja mchuzi uliobaki. Kumbe sikutia chumvi hata chembe! Ile kamera ilinibabaisha.

Labda ni adabu ya mgeni tu. Lakini kufumba macho kule ndiko tunakokuona kila Ijumaa, kwa kila chungu. Basi wale wapishi wengine wote nao...

Na mimi nitaonyeshwa hivyo hivyo, nachekelea sifa ya uongo.

Nilimpakulia Hamadi bila kumwambia kitu. Tonge la kwanza tu akasita. "Salme weye, chumvi i wapi?"

Siku nyingine ningenuna. Leo nimemsogezea kopo la chumvi, nikakaa karibu yake.